Ng'ombe wa Bluu wa Minago

Nyinyi vijana mnaokaa mbele ya soko la Rumonge na meza zenu za kutengeneza simu, nimewaona. Mteja hajamaliza kueleza shida yake, simu imeshapasuliwa tumbo. Juzi mmoja wenu alifungua simu ya mama mmoja iliyogoma kulia. Akatoa skrubu zote, akazipanga kwenye kifuniko cha soda, akapuliza, akasugua, kumbe sauti ilikuwa imezimwa kwa kitufe cha pembeni. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Sikucheka kwa dharau, wanangu. Nilicheka kwa sababu makosa ya namna hiyo ni mali yangu, nimeyafanya karibu miaka thelathini, na nilidhani nimeondoka nayo kazini.

Naitwa Mama Zuhura, wa mtaa wa Waswahili. Kabla mikono haijaanza kutetemeka nilikuwa fundi wa televisheni na deki, na kutoka Muhuta mpaka hapa sikumjua mwanamke mwingine mwenye bisibisi yake mwenyewe. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ugonjwa wa rangi. Televisheni isiyowaka inasikitisha. Yenye sauti mbovu inaudhi. Lakini televisheni inayoonyesha kwaya nzima ina nyuso za kijani, na mwalimu wa kwaya amesimama mbele kama tango lenye tai, hiyo ni zawadi. Unapiga magoti mbele yake huku umeuma ulimi usicheke mbele ya mwenye nyumba.

Aliyenifundisha ni Papa Kalonda, mtu wa Uvira, aliyekuwa na kibanda nyuma ya msikiti. Alikuwa mnene, mpole, na mvivu wa kusifika. Ukimletea televisheni inayoumwa, haigusi. Anaiwasha, anavuta kiti, anaagiza chai, anaitazama. Mimi nilikuwa nawashwa na mikono. Siku moja aliniamuru niishike nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Weye unafungua mbio sana," akaniambia. "Angalia kwanza. Ugonjwa itajitaja yenyewe."

Sikumsikia. Asiyesikia la mkuu, mnajua. Mwaka huohuo nilitumwa peke yangu Magara, kwenye ukumbi wa video wa wavuvi. Wavuvi huvua usiku, kwa hiyo ukumbi ule ulijaa mchana, watu wananuka ndagala na wamepakata viatu vyao. Televisheni ilikuwa ile ya zamani yenye kisogo kikubwa. Kona yake ya kulia ilikuwa zambarau. Mchezaji anakimbia na mpira akiwa mtu wa kawaida, akifika kona anageuka bilinganya, akirudi katikati anapona. Wavuvi walikuwa wameshaizoea, wakawa wanaweka dau nani atageuka bilinganya mara nyingi zaidi.

Mimi nikafungua. Siku mbili nimelala kifudifudi ndani ya kisogo kile. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha, nikailaumu deki, nikailaumu diski, nikaulaumu umeme. Siku ya tatu Papa Kalonda akaja na pikipiki, akakaa, akaomba chai. Alipoimaliza alisimama, akalikumbatia lile spika kubwa lililoegemezwa upande wa kulia wa televisheni, akalisogeza hatua tatu. Kisha akatoa begani duara lake la nyaya, akalichomeka kwenye umeme, akalizungusha mbele ya kioo polepole huku akirudi nyuma. Zambarau ikayeyuka. Ilikuwa sumaku ya spika iliyoshika kioo, na lile duara huifuta, basi, hakuna kingine. Wavuvi hawakumshukuru hata kidogo, maana alikuwa amewaharibia mchezo wao wa dau.

Tangu hapo nilijifunza kushika mikono nyuma kwa hiari yangu. Na nilijifunza maswali. Picha ya antena ikoje? Kama antena inaonyesha vizuri na deki inaonyesha vibaya, usiiguse televisheni, si yeye. Picha imekosa rangi kabisa, nyeusi na nyeupe tupu? Angalia kama kichwa cha njano kimechomekwa kwenye tundu la kijani, au kama deki imewekwa kwenye mfumo wa Amerika wakati televisheni inajua wa huku tu. Kuna kitufe cha rimoti kwa hilo. Katekista mmoja wa Muhuta alitaka kunibusu mkono nilipobonyeza kile kitufe mara mbili na harusi ya mwanawe ikapata rangi. Nilimwambia kazi ilikuwa ngumu sana. Mungu anisamehe.

Sasa, ili ujue rangi imekosea wapi, lazima uwe na kitu ambacho rangi yake huna shaka nayo. Mafundi wa ng'ambo hutumia picha za mistari mistari ya rangi. Mimi na Papa Kalonda tulitengeneza diski yetu. Tuliazima kamera ya mpiga picha wa harusi, tukaweka juu ya meza, mchana, chupa ya mawese, fungu la mboga za lengalenga, sinia la unga wa muhogo na bidoni ya bluu ya maji. Nyekundu, kijani, nyeupe, bluu. Mtu yeyote wa ufukwe huu, hata umwamshe usingizini, anajua mawese yana rangi gani.

Tulikuwa tumeshaanza kupiga picha, kuku mwekundu wa jirani akapanda mezani. Papa Kalonda akasema tumwache. Kuku akala lengalenga robo fungu, akajisaidia kwenye unga, akamtazama mpiga picha kwa jeuri, akaondoka. Dakika nne. Diski ile ilinisindikiza maisha yangu yote ya kazi, na nakwambieni, hakuna nyumba niliyoichomeka ambamo watoto hawakuomba irudiwe. Wengine waliiharibu deki tena kusudi ili yule kuku arudi.

Haya, sasa niwapeleke Minago.

Pale Minago alikuwako Mzee Lazaro, mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Alikuwa na michikichi yake, muhogo wake, mguu mmoja mbovu, na binti anayeitwa Spes. Spes alichumbiwa na kijana wa milimani, Didas, mwalimu wa shule ya msingi. Wakakaa kuongea mahari.

Mnajua siku hizi ng'ombe wa mahari ni bahasha. Watu wanasema "tumeleta ng'ombe", wanakohoa, wanaweka bahasha mezani, kila mtu anaisifu bahasha kwamba ina pembe nzuri. Mzee Lazaro alikataa. Alitaka ng'ombe wa miguu minne, tena mwekundu, kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe mwekundu waliyemwacha zizini siku walipokimbia. Lakini Minago atamfuga wapi, katikati ya michikichi? Basi wakakubaliana: ng'ombe atakaa kule milimani kwa akina Didas, na kwa kuwa mguu wa mzee hauwezi kupanda mlima, watampiga picha wamletee diski. Mzee akimwona na kumkubali, harusi ipo. Asipomkubali, kila mtu ashike njia yake.

Siku ya diski ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mimi nilikuwa nyumbani Rumonge nakaanga sambusa nilipomwona Spes anashuka kwenye pikipiki, kitambaa cha kichwa kimelegea, macho mekundu. Nilimfahamu kwa sababu wiki mbili kabla alikuwa ameniletea waya wa deki yao uliotafunwa na panya, nikautengeneza.

"Amahoro, Mama. Njoo sasa hivi," akasema. "Ng'ombe iko bluu."

"Ng'ombe gani?"

"Yetu. Ile ya mahari. Kwenye tele iko bluu kama bidoni. Watu wamecheka, Papa amekasirika, anasema wakwe wamemuchezea. Wakwe nao wanasema wamechekwa. Hakuna mutu anakunywa. Wakiondoka mbele ya kunywa, Mama, bukwe imekufa, hakuna ndoa."

"Na waya?"

"Waya ulitengeneza iko muzuri kabisa. Leo ndiyo mara ya kwanza tumechomeka, rangi kwa rangi."

Nikatikisa kichwa kwa fahari. Waya wangu, uwe mbaya? Nikachukua mfuko, nikazima jiko, tukapanda pikipiki watatu, mimi nimekumbatia mfuko na Spes amenikumbatia mimi, na njia nzima ya kandokando ya ziwa nilikuwa najisemea "ng'ombe wa bluu" na tumbo linatikisika kwa kicheko nilichokizuia. Yule binti nyuma yangu alikuwa analia. Namwona sasa hivi nikikumbuka, na naona aibu kidogo.

Sebule ilikuwa imejaa. Upande mmoja wageni wa milimani, na mbele yao msemaji wao, Mzee Barnabe, ami yake Didas, mwenye koti kubwa na uso uliofungwa. Upande mwingine majirani. Katikati mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake, hakuna aliyeugusa. Mzee Lazaro alikuwa kwenye kiti karibu kabisa na televisheni, magoti yake yanakaribia kuigusa.

"Nani ameingia?" akauliza.

"Ni mie, Mzee. Fundi wa Rumonge."

"Karibu, Mama. Kaa. Hawa bantu wamenipakia ng'ombe rangi. Tele yangu haina ubaya. Habari ya saa sita imetoka vizuri, wote wamesema. Basi ubaya iko mu diski yao. Wamepaka rangi ili wafiche ng'ombe yenyewe iko namna gani. Mimi nimekaa ukimbizini miaka na miaka, sikuwahi kuchezewa hivi."

Mzee Barnabe akasema polepole, akitazama ukuta, "Sisi tumeleta ng'ombe mwekundu. Kama ni matusi, si sisi tumeanza."

Niliomba waiwashe diski. Jamani. Nyasi za mlimani zilikuwa kijani safi kabisa. Mawingu meupe. Na katikati ya uzuri wote huo, ng'ombe wa bluu anatafuna. Kando yake kijana aliyeshika kamba, uso wa bluu, amevaa shati la rangi ya chungwa. Kutoka kwa wageni mtu akanong'ona kwamba shati lile ni la bluu, amelinunua yeye mwenyewe.

Nilishika mikono nyuma. Nilitazama. Na ugonjwa ukajitaja. Kijani sawa, nyeupe sawa, nyekundu imekuwa bluu na bluu imekuwa nyekundu. Hizo rangi mbili zimebadilishana nyumba, nyingine zote zimelala kwao. Nikatoa diski yangu nikaiweka. Lengalenga kijani. Unga mweupe. Chupa ya mawese, bluu kama wino. Bidoni, rangi ya chungwa. Kisha akapanda mezani yule kuku, bluu tangu kilemba hadi mkia, na watoto waliokuwa dirishani wakaanguka kwa kicheko. Hata Mzee Barnabe midomo ilimcheza.

"Mnaona?" nikawaambia. "Diski hii ni yangu, ya Rumonge, na mawese yake ni bluu. Basi diski ya wageni haina kosa. Hakuna aliyepaka ng'ombe rangi."

"Murakoze," akashukuru Mzee Barnabe, na akajikunja vizuri ndani ya koti lake.

Lakini Mzee Lazaro hakulegea. "Kama tele yangu inadanganya, nitajua namna gani kama ng'ombe iko mwekundu? Tengeneza kwanza, Mama. Nikishamwona, nitasema."

Nikaingia nyuma ya televisheni na tochi yangu, nikiwa nimeshaandaa kichwani hotuba fupi kuhusu watu wanaochomeka nyaya bila kutazama. Pale nyuma kuna matundu matatu ya picha, kijani, bluu na nyekundu, na kutoka kwenye deki matundu kama hayo. Nikatazama. Kijani imeingia kijani. Bluu imeingia bluu. Nyekundu imeingia nyekundu. Pande zote mbili. Spes alikuwa amesema kweli, walichomeka rangi kwa rangi.

Basi nikavuta waya karibu na macho, na hapo nikaiona lehemu. Fundi anaijua lehemu yake kama anavyojua mwandiko wake. Yangu huwa na kitone kidogo pembeni, kama machozi. Nikakumbuka yote. Panya walikuwa wametafuna vichwa viwili vya upande mmoja. Nyaya zote mbili nyeusi, huwezi kujua ipi inatoka wapi bila kupima kwa mita. Na siku hiyo nilikuwa nachelewa harusi ya mtoto wa shoga yangu, hina imeshakauka mikononi, nikajiambia kupima ni kwa wasiojua kazi. Nikafunga kichwa chekundu kwenye waya wa bluu na cha bluu kwenye waya wa nyekundu. Nyani haoni kundule, wanangu, lakini siku hiyo nyani aliwekewa kioo.

Nikakaa pale nyuma, nimechuchumaa, jasho linanitoka. Dawa ilikuwa rahisi: chomoa viwili, vipishanishe, basi. Hakuna ambaye angejua. Ningetoka nikipiga makofi kuondoa vumbi na wangeniita shujaa. Lakini ningetokaje na kuwatazama wale watu waliokaribia kugombana maisha yao yote kwa ajili ya hina yangu? Nilikawia. Mtu mmoja alikuwa amerudisha diski ya ng'ombe, najua kwa sababu niliusikia ule upepo wa mlimani kwenye spika. Sebule yote ilikuwa ikiningoja. Mlangoni nilimsikia Spes akivuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia.

Ndipo Mzee Lazaro akasema, kwa sauti kubwa, "Ee. Sasa ndiyo. Iko mwekundu. Iko mwekundu kabisa, kama ile ya baba."

Nilikuwa sijagusa kitu. Vichwa vyote vilikuwa bado ndani ya matundu yake.

Nilichungulia pembeni ya televisheni. Mzee alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye kioo, anatabasamu, na mwanga wa bluu umemjaa mashavuni. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe ambao mimi, fundi wa kutazama, sikuwa nimeutazama. Si mguu, basi, uliomzuia kupanda mlima. Watu wote waliyaona hayo pamoja nami. Majirani waliokuwa wamecheka mwanzoni walikaa kimya kama wamemwagiwa maji. Mtoto mmoja dirishani akaanza, "Lakini iko b..." na mama yake akamziba mdomo kwa kanga.

Spes akasema kutoka mlangoni, "Ndiyo, Papa. Iko mwekundu."

Jamani, sijawahi kuchomeka waya kwa haraka namna ile. Nilivunja ukucha. Nyekundu kwenye bluu, bluu kwenye nyekundu, na neno la yule mzee likawa kweli. Ng'ombe alisimama pale kwenye nyasi, mwekundu wa kuiva, anang'aa. Wanawake hawakuweza kujizuia. Vigelegele vikapasuka, vya Kirundi na vya Kiswahili pamoja. Mzee Barnabe akaushika mrija, akamsogezea Mzee Lazaro mwingine mkononi, wakainamia mtungi mmoja, vichwa vinagusana. Spes alikaa chini palepale mlangoni, akacheka na kulia kwa zamu.

Nilipotoka nyuma ya televisheni nilisema ukweli. Waya niliutengeneza mimi, sikuupima, kosa ni langu peke yangu. Mnadhani walikasirika? Walinicheka mpaka jioni. Waliimba. Mzee Barnabe alisema akirudi mlimani atamwambia ng'ombe jina la mwanamke aliyempaka bluu. Mpaka leo nikipita Minago watoto wanalia "moo" kando ya barabara, na mimi nawapungia mkono.

Sasa hili la mwisho sijawahi kumwambia mtu wa Minago, lakini Spes ameshazaa watoto wawili na mzee amelala, Mungu amrehemu, kwa hiyo nalisema. Nilipokwenda kumuaga, mwenye pikipiki ameshawasha, Mzee Lazaro alinishika mkono akanivuta karibu.

"Mama fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Vigelegele vimechelewa."

Nikainama nimsikie vizuri.

"Nimesema mwekundu, watu wamenyamaza. Halafu ndiyo wamepiga. Basi mbele ya pale ilikuwa bado bluu, sivyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilimusikia mutoto wangu analia," akasema. "Nikaona, hata kama iko bluu, mimi nitasema ni mwekundu. Ng'ombe ni ya kumupeleka mutoto, si ya kumuliza." Akaukaza mkono wangu. "Lakini saa hii, baada ya vigelegele, iko mwekundu kweli?"

"Mwekundu kweli, Mzee. Naapa."

Akavuta kiti kingine kwa mguu wake mbovu, akakipigapiga. "Basi kaa. Hapa nyumbani wote wanajifanya kwamba naona, siwezi kuwauliza. Niambie yuko namna gani."

Nikamfanyia ishara mwenye pikipiki azime. Maisha yangu yote nilikuwa nimeponya rangi kwa bisibisi, sikuwahi kuombwa niiseme kwa mdomo. Nikakaa, nikamweleza yule ng'ombe taratibu, tangu pembe hadi kwato, na kila nilipofika mwisho aliniomba nianze tena.